Shahidi wa Sakafu

"Usijinyanyue, baba. Kaa kama ulivyokuwa unakaa siku zote," binti alisema, akavuta tepu kutoka kwenye goti la baba yake hadi kwenye mlango wa friji.

Alikuwa amemkalisha kwenye kigoda cha jikoni, kwenye upenyo mwembamba kati ya friji na ukuta ambamo siku nyingine huwekwa ufagio na ndoo. Friji lilikuwa ubavu wa chuma. Ukuta ulikuwa injini. Mzee alishika sinia la plastiki kwa mikono miwili kwa kuwa aliambiwa ndio usukani, na uso wake ulikuwa wa mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Mama, aliyekuwa akisuuza vyombo, aliwapa mgongo, lakini masikio alikuwa amewaachia.

"Gia ilikuwa wapi?"

"Gia?" Mzee aliangalia magoti yake. "Hapa. Katikati ya miguu."

"Sentimita ngapi kutoka kwenye kiti?"

"Nani alikwenda vitani na rula, mwanangu?"

Binti alicheka, akaandika. "Na sakafu?"

Hapo mzee hakufikiri hata kidogo. Alisema sakafu ilikuwa ya bati nene lenye vinundu, imeinama kidogo kuelekea nyuma upande wa kulia, na chini ya kiti cha mpiga mzinga kulikuwa na mfereji wa upana wa vidole viwili. Vizibo vya kutolea maji vilikuwa vitatu, vinafunguliwa kwa spana, na kile cha tatu kilikuwa kinasumbua kwa sababu kilikaa kwenye kona ambayo mkono hauingii vizuri. Ukilazimisha, bati linakuchuna hapa, na akaonyesha mgongo wa mkono wake. Binti aliandika mbio mpaka karatasi ikataka kuchanika.

"Unaona, mama? Kichwa cha mzee bado kinachapa kazi."

"Mwache baba yako ale," mama alisema bila kugeuka. "Mnamkunja mzee wa watu kama nguo ya kuloweka, kwa ajili ya mchezo."

Mchezo wenyewe ulikuwa gemu ya vita ya kompyuta, inayochezwa na watu ambao hawatakutana maishani. Pembeni yake kuna vikundi vya wapenzi wanaotengeneza magari ya vita ya zamani na kuyaingiza humo, bila kulipwa hata senti, kwa uchungu wao tu wa kutaka kitu kifanane na kilivyokuwa. Binti alikuwa mmoja wao. Mchana alichora makabati ya jikoni kwenye ofisi ya karakana ya useremala, jioni akachora vifaru na magari ya deraya, yale ya vita yaliyovishwa chuma, na mkono ulikuwa ule ule. Karakanani walimwita Bi Milimita, na hawakumwita hivyo kwa kumsifu. Aliwahi kumfanya fundi ashushe kabati lililokwisha kufungwa ukutani, mbele ya mwenye nyumba, kwa sababu ya milimita nne.

Kikundi chao kilikuwa na kanuni moja ngumu. Hakuna kipande kinachoingia kwenye gari bila ushahidi: picha, mchoro, au mtu aliyeliona gari lenyewe kwa macho yake. Msimamizi wa kanuni hiyo alikuwa mtu wa nchi ya mbali ambaye binti hakuwahi kumwona uso, aliyejiita Rula. Aliyetoa ushahidi, jina lake kamili liliandikwa kwenye orodha inayopita kwenye skrini kabla gari halijawashwa.

Safari hii walikuwa na deraya ya magurudumu sita ambayo askari waliiita Kobe. Zilitengenezwa chache, zikapigana vita moja ya mpakani, zikaishia kuuzwa kama chuma chakavu. Picha za nje zilipatikana. Za ndani hakuna aliyekuwa nazo. Binti, yeye, alikuwa na baba.

Mtaa mzima ulimwita mzee huyo Deraya, hata watoto ambao deraya yenyewe hawaijui. Habari yake ilikuwa ya kila mtu: kijana wa miaka ishirini na mbili ndani ya Kobe namba nne, daraja limevunjwa, mto umejaa, maji yameingia hadi magotini, na yeye, dereva, hakuachia mafuta mpaka ng'ambo. Kwa habari hiyo mzee hakupanga foleni kwa kinyozi. Desturi hiyo aliianzisha baba wa kinyozi, na kinyozi akairithi pamoja na kiti na mikasi. Deraya akiingia, hata aliyekwisha kukaa anasimama. Binti alikua akijua kwamba ndani ya nyumba yao kuna mtu wa kupishwa kiti, na tangu akiwa na kifutio mfukoni alichora magari ya magurudumu sita pembeni ya madaftari.

*

Kobe ilipotoka, kikundi kilipagawa. Watu waliandika kutoka kila pembe kwamba hawajapata kuona ndani ya gari kulikofanyiwa kazi namna ile. Sakafu, walisema. Tazameni ile sakafu.

Binti alimwita baba yake mezani, akamwonyesha orodha. Mzee alivaa miwani, akafuata majina kwa kidole mpaka akalifikia lake, majina yote matatu, herufi nyeupe juu ya weusi. Kidole chake kiliacha alama ya jasho kwenye kioo.

"Na hao wa huko nje wanaliona?"

"Wote, baba. Kila anayefungua."

Mzee alivua miwani. Kisha akaenda uani, akafungua bomba na kuanza kuosha ua ambao alikuwa ameuosha asubuhi ile ile. Ua ulikuwa kazi yake, hakumruhusu mtu mwingine aguse. Alianza na kona ya ndani kabisa, akaja nayo kidogo kidogo mpaka kwenye mfereji wa kutokea, na kila alipomaliza aliinama kuchungulia tundu la mfereji kama lina kitu.

"Amefurahi," binti alimwambia mama yake.

"Ndiyo," mama alisema.

*

Siku ya Alhamisi, saa ya chakula cha mchana, Rula alituma kurasa kumi na saba zilizopigwa picha kwa simu. Kilikuwa kitabu cha mafundi wa Kobe, kimepatikana kwenye sanduku la fundi mmoja aliyefariki. Binti alikikuza kwa vidole viwili, ukurasa baada ya ukurasa.

Kiti cha dereva hakikuwa kushoto, kama mzee alivyosema. Kilikuwa katikati kabisa, mbele, na dereva aliingia kwa tundu la juu ya kichwa chake. Mkono wa gia ulikuwa kulia, nyuma ya paja. Ule mlango wa ubavuni ambao mzee alisema alikuwa akiingilia ulikuwa wa wapiga mzinga.

Alijiambia kwamba mzee amesahau. Miaka karibu hamsini si mchezo, na mtu akishakula chumvi nyingi, kushoto na kulia vinaweza kuhama. Akarekebisha. Aliiba dakika karakanani, akaiba nyingine jioni, akahamisha kiti, usukani na gia mpaka kila kitu kikakaa kama kitabu kinavyotaka. Hakumwambia baba yake. Jumamosi walikuwa wamealikwa kwa kinyozi, ambaye alitaka kuionyesha Kobe kwenye televisheni ya saluni, na binti aliona hiyo itakuwa namna nzuri: mzee atakaa, ataona, na kumbukumbu itamrudia yenyewe. Kuwaonyesha watu ile ya zamani, yenye kosa, hilo hakulifikiria hata mara moja. Asingeweza, kama vile asingeweza kuliacha lile kabati.

*

Saluni ilijaa tangu saa nne. Benchi lilikaliwa na watu sita mahali pa wanne, wengine wakasimama mlangoni. Kinyozi alimkalisha mzee kwenye kiti cha kunyolea, akamfunga shuka jeupe shingoni, akamkanyagia pedali mpaka miguu ikaacha sakafu.

"Juu zaidi, wakuone wote," alisema. "Leo unaendesha kwanza, halafu nakunyoa."

Binti aliweka kibodi kwenye mapaja ya baba yake, akaunganisha waya. Orodha ikapita. Jina la mzee lilipotokea watu walipiga makofi, na mzee mmoja mnene kwenye benchi akapiga la mwisho peke yake. Huyu aliitwa Tani Kumi, kwa kuwa aliendesha malori ya mizigo tangu ujana hadi mgongo ulipokataa.

"Haya, Deraya," alisema Tani Kumi. "Tuvushe mto."

Skrini ikafunguka ndani ya gari. Mzee alitazama. Mkono wake wa kushoto ulinyanyuka kutoka kwenye kibodi, ukabaki hewani.

"Hii siyo," alisema taratibu. "Mmebadilisha. Usukani ulikuwa huku."

Hapo binti angeweza kunyamaza. Baadaye alijirudisha kwenye dakika hiyo mara nyingi, akajinyamazisha mara nyingi, lakini Jumamosi ile mdomo wake ulikuwa mwepesi kuliko moyo.

"Hapana, baba, ulikuwa katikati. Nimepata kitabu cha mafundi." Alitoa simu, akakuza ukurasa. "Ona. Na gia ilikuwa kulia, nyuma ya paja, siyo katikati ya miguu. Na ule mlango wa ubavuni ulikuwa wa wenzako. Dereva aliingia kwa juu, hapa, kwenye hili tundu."

Aliyasema kwa sauti ya karakanani, ile ya milimita nne. Alikuwa hata anatabasamu.

Mashine ya kunyolea ilikuwa bado inaunguruma mkononi mwa kinyozi. Aliizima.

"Mimi lori langu la kwanza niliachana nalo miaka thelathini na tano iliyopita," Tani Kumi alisema, na hakusema kwa ubaya, alikuwa anashangaa tu. "Nikifumba macho sasa hivi, mkono unakwenda wenyewe kwenye gia."

"Sasa mzee alikuwa anaendesha amekaa wapi?" mtu akauliza kutoka mlangoni. "Kwenye mapaja ya dereva?"

Walicheka. Hakikuwa kicheko kikubwa, ni kile cha watu waliobanana kwenye benchi, kinachopita bega kwa bega. Kinyozi naye alicheka, kisha akakohoa.

Mzee hakuwatazama waliocheka. Alimtazama binti yake, kwa macho ya mtu anayetaka kuazima kitu na anaona haya kukitaja. Maneno ya kumwokoa yalikuwepo: kwamba Kobe zilikuwa za aina mbili, kwamba kitabu kile huenda ni cha aina nyingine. Binti aliyaona yote yamepangwa mdomoni. Akainamia simu.

Mzee alivua shuka mwenyewe, akalikunja mara nne. Kiti kilikuwa juu mno. Miguu yake ilitafuta sakafu isiipate, na ikabidi kinyozi amshike kwapa kumteremsha, mbele ya watu wote. Akatoka bila kunyolewa, na wa mlangoni wakampisha.

*

Binti alikusanya waya zake bila kumtazama mtu. Alikuwa njiani, mita mia hivi nyuma ya baba yake, hakutaka kumfikia, simu ilipolia. Ni Rula. Ushahidi wa mtu huyu kuhusu kiti cha dereva umekanushwa, aliandika. Kwa kanuni yetu anafutwa kwenye orodha. Unakubali?

Mbele yake mgongo wa mzee ulikuwa ukienda, koti likining'inia upande. Aibu ilimpanda binti. Aliwakumbuka walimu aliowasimulia ule mto. Alikumbuka msichana mmoja wa shule aliyemwita mwongo, na jinsi yeye alivyompiga kwa kitabu.

Akaandika: Mfute.

Ilimchukua muda mfupi kuliko kuvuka barabara.

Nyumbani alimkuta mama amesimama katikati ya sebule na pasi mkononi.

"Umemfanya nini baba yako? Amepita hapa kama hanijui."

"Mimi nimemfanya nini? Yeye katufanya nini?" Alijaribu kushusha sauti, ikakataa. "Hakuwa dereva, mama. Hajawahi kukaa kwenye kile kiti. Ulijua?"

Mama aliisimamisha pasi wima mezani. "Tulipooana alikuwa bado jeshini. Nimefua ovaroli zake mwaka mzima. Ovaroli ya dereva inachakaa hapa," akajipiga makalioni, "na hapa kwenye viwiko. Za baba yako zilitoboka magotini."

"Na hukusema?"

"Nimwambie nani? Siku akiisimulia ile habari alikuwa analala usingizi. Asipoisimulia nilikuwa nakesha naye." Akaichukua tena pasi. "Wewe umeona ni uongo. Mimi nimeona ni dawa yake. Sijui nani kati yetu ana akili."

*

Mzee hakurudi kwa kinyozi. Ndevu zilimtoka nyeupe, zikaota ovyo ovyo, na mama alipomwambia atamnyoa mwenyewe, alikataa kwa adabu kama anamkatalia mgeni. Watoto wawili waliokuwa wakimsalimu kila siku getini walipita wakiambiana "kwenye mapaja, kwenye mapaja", wakakimbia. Mezani alimpisha binti yake apakue kwanza, akamshukuru kwa chumvi, akamshukuru kwa maji. Binti aliona afadhali angegombezwa.

Jumatano, saa ya chakula cha mchana, Rula aliandika tena. Alikuwa amepata picha ya Kobe iliyopinduliwa, magurudumu juu, kwenye uwanja wa vyuma chakavu. Kitabu cha mafundi kinaonyesha vizibo viwili vya sakafuni, aliandika, lakini tazama picha. Viko vitatu. Cha tatu kiko kwenye kona, pale pale aliposema shahidi wako. Nadhani walikitoboa wenyewe huko huko vitani. Dereva asingekijua hiki. Fundi wa injini hana haja nacho. Shahidi wako alikuwa nani hasa?

Binti aliweka mkate wake chini. Vipimo vyote alikuwa navyo, alivichukua kwa mkono wake: sakafu inayoinama upande wa kulia, mlango wa ubavuni, mfereji wa vidole viwili, bati linalochuna mgongo wa mkono. Ovaroli zilizotoboka magotini. Mtu mzima, mwenye kazi ya kusoma michoro, alikuwa ameshika mchoro huo kichwa chini miguu juu wiki nzima. Aliomba ruhusa, akaondoka mapema, na fundi mmoja akauliza kwa kejeli kama Bi Milimita anaumwa.

Mzee alikuwa uani na mpira wa maji. Binti alichuchumaa karibu na mfereji.

"Baba. Kile kizibo cha tatu. Kwa nini kilikuwa kinakwama?"

Maji yaliendelea kidogo, kisha mzee akafunga bomba.

"Nywele," alisema.

Binti aliangalia tundu la mfereji.

"Nywele, na vipande vya nguo. Maji yanaviburuta mpaka kwenye ile kona." Aliongea huku akiutazama mpira. "Magari yalikuwa yanarudi asubuhi. Waliokuwemo wameshatolewa. Tulikuwa wawili, ndoo na brashi. Mwenzangu alikuwa anatapika, kwa hiyo ndani nikawa naingia mimi. Saa sita liwe safi, wengine wanaingia. Hawatakiwi kuona kitu."

"Na yule wa mto?"

"Alikuwepo. Namba nne. Mtu wa maneno mengi huyo, hakumwachia mtu nafasi. Alinisimulia mto wake wote huku naosha, yeye amekaa juu ya gurudumu anakula." Mzee alisafisha koo. "Wiki iliyofuata nikamwosha yeye."

Mama alikuwa ametoka na beseni la nguo. Akasimama pale pale kwenye kizingiti.

"Vita vilipokwisha nilishuka hapa na mfuko wangu," mzee aliendelea, "nikaenda kunyoa. Baba yake kinyozi akaniuliza, kijana, ulikuwa unafanya nini huko? Benchi limejaa. Nikafungua mdomo nimwambie, nikajisikia nasema naendesha. Yule aliyekuwa kwenye kiti akasimama, akanipisha. Ningemrudishaje?"

"Ungesema tu ulikuwa unaosha, baba. Ni kazi."

"Wangeuliza naosha nini."

Maji yaliyobaki yalikuwa yanateremka mfereji. Mzee alijifuta mikono kwenye suruali, na sauti yake ilipotoka tena ilikuwa ndogo. "Jina langu bado lipo pale? Kwenye mashine?"

"Lipo," binti alisema.

Neno hilo halikumgharimu chochote. Lilitoka laini, upesi, kama lilikuwa limekaa tayari, na mzee akashusha pumzi. Mama alimtazama binti yake kutoka kwenye kizingiti, akamtazama tena, kisha akaenda kuanika.

Binti aliingia ndani, akafungua kompyuta, akamwomba Rula amrudishe shahidi. Jibu lilikuja baada ya dakika chache. Anaweza kurudi, aliandika Rula, ila kwa kuwa alishafutwa lazima kazi yake halisi iandikwe mbele ya jina. Binti aliandika "Mwoshaji". Akafuta. Aliandika "Mhudumu wa magari", akaona ni uongo ule ule wa dereva umevalishwa koti jingine, akafuta. Alikaa na mikono mapajani. Alikuwa amemhukumu rohoni mtu aliyesema uongo mmoja mbele ya benchi lililojaa, na yeye amesema wa kwake uani, hakuna hata mtu aliyembana.

Akatoka tena.

"Baba, halipo. Nimekudanganya. Niliwaambia wakufute."

Mzee alikuwa anaukunja mpira, duara baada ya duara, kwenye mkono wake.

"Lini?"

"Jumamosi."

"Ulipofika nyumbani?"

Angeweza kusema ndiyo. "Njiani," alisema. "Nikiwa nyuma yako."

"Njiani," mzee alirudia, na akatikisa kichwa polepole kama mtu anayepokea kipimo ili asikisahau. Alimaliza kuukunja mpira, akautundika msumarini. Binti alingoja tusi, au machozi, au mlango kubamizwa. Hakuna kilichokuja.

"Watakurudisha," alisema. "Ila wanataka niandike kazi yako. Ile yenyewe."

"Andika." Mzee alishika ndevu zake. "Lakini ngoja Jumamosi ipite. Nataka nikaseme mwenyewe. Sitaki kinyozi aje kuisoma kwenye televisheni."

*

Walikwenda pamoja. Binti alibeba begi la kompyuta bila sababu, kwa kuwa mikono yake ilihitaji kushika kitu.

"Karibu," alisema kinyozi. Neno Deraya lilimfika mdomoni, likarudi. "Karibu, mzee."

Mtu aliyekuwa kwenye kiti aliinuka nusu, shuka limemzunguka, akamtazama kinyozi. Kinyozi aliangalia mashine yake. Yule mtu akakaa tena. Binti alitamani ardhi ipasuke.

"Nani wa mwisho hapa?" mzee aliuliza.

Tani Kumi alinyoosha kidole. "Mimi."

"Basi nakufuata wewe."

Wakasogea, akakaa mwishoni mwa benchi, na binti akabaki amesimama ukutani. Kinyozi alimaliza upande mmoja wa kichwa, akaanza wa pili. Mzee aliweka mikono juu ya magoti.

"Sikuwa dereva," alisema, kwa sauti ya kawaida, kama anajibu swali. "Nilikuwa mwosha magari. Yakirudi, naosha ndani."

Kijana mmoja alifungua mdomo aulize. Tani Kumi alimwekea mkono wake mzito kwenye goti, na kijana akaufunga. Mashine ya kunyolea iliendelea kuunguruma mahali pamoja, juu ya sikio la mtu, mpaka mwenye sikio akajikunja.

Zamu ya Tani Kumi ilipofika, aligeuka. "Nenda wewe, mzee wangu."

"Hapana. Ni zamu yako."

"Nakupisha."

"Usinipishe," mzee alisema. "Tafadhali."

Tani Kumi akaenda, akakaa kwa unyonge kana kwamba kiti kile ni cha wizi. Kinyozi alishika ufagio, akafagia mara mbili tatu chini ya kiti kama alivyofanya kila siku, akaziacha nywele zilizojikusanya kwenye kona nyuma ya kabati la vioo. Mzee alikuwa anaitazama ile kona. Aliitazama kwa muda. Kisha akainuka.

"Lete," alisema, na kinyozi akampa ufagio bila kujua kwa nini anampa.

Alianza na kona. Alipinda mgongo, akaingiza ufagio pale ambapo hauingii vizuri, akazitoa nywele zote, nyeusi na nyeupe, akaja nazo taratibu kando ya ukuta, akapita chini ya benchi, na watu wazima wakanyanyua miguu yao kama watoto. Binti alisimama na begi lake kifuani mpaka rundo lilipofika mlangoni, na hapo akaliweka begi chini, akachukua kizoleo cha taka nyuma ya mlango, akachuchumaa mbele ya baba yake na kukishika.

Mzee alisukuma mara moja, akasimama.

"Umekiinua," alimwambia. "Zinapita chini."

Binti akakishusha.